Saba na Nane: Umbo Moja, Mielekeo Miwili



Alasiri moja, siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, alitujia barazani kijana mmoja akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 7. Aliamkia, akatubusu mkono kama ilivyo ada, kisha akaketi ukingoni mwa baraza. "Maalim," alisema, "nimekuletea mjukuu wako asome. Ila nataka nikwambie mapema: huyu anachanganya saba na nane za mas-haf. Akikosea, utamfanya nini?"

Swali hilo lilitushtua, kwani si kawaida ya mzazi kumsaili mwalimu wa chuo namna hiyo. Tulimtazama vyema usoni, ndipo tukamtambua. Zaidi ya miaka 20 iliyopita alikuwa mwanafunzi wetu. Siku moja tulimwamuru afungue ukurasa wa 77. Alifungua wa 88, akaanza kusoma kwa sauti, nasi tukamkatiza. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba ana macho lakini haoni. Chuo kizima kiliangua kicheko. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulicheka nao. Haikupita wiki mbili mtoto akaacha kuja. Mama yake alisema kwamba kila ikikaribia Alasiri tumbo humuuma. Hatukwenda kumuulizia tena.

Kwa hiyo siku ile barazani hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, tukamwomba na muhula wa wiki moja. Makala haya ni matunda ya wiki hiyo. Yanahusu somo ambalo wengi wetu tulilikwepa shuleni, au hatukulipata kabisa: mageuzo ya maumbo, yaani namna umbo linavyosogezwa, linavyoakisiwa, linavyozungushwa na linavyokuzwa. Tumegundua kwamba somo hilo si la wanahisabati peke yao. Linamhusu kila mwenye kumfundisha mtoto kusoma, na linamhusu kila mzazi.

Kosa lisilokuwa la hesabu

Tuna jirani ambaye ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi. Tulipomsimulia kisa hiki hakusema neno. Alitwaa chaki, akachora sakafuni saba ya Kiarabu, ٧, kisha akatuambia tuzunguke tuketi upande wa pili na tusome. Tulizunguka, tukatazama, tukasoma: nane, ٨.

"Katika chuo chako, sheikh, watoto huketi vipi?" alituuliza. Tulimweleza kwamba huketi mviringo, na kitabu au ubao huwekwa kati, mbele ya mwalimu. "Basi aliyeketi mkabala nawe," alisema, "kila ulipoandika saba yeye aliona nane. Huyo mtoto hakukosea hesabu. Alitambua kwamba lile ni umbo moja, na alikuwa sahihi. Alichokuwa hajajua ni kwamba katika maandishi, mwelekeo nao ni sehemu ya maana."

Maneno hayo yalitukaa. Tangu kuzaliwa, mtoto hujifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe kikisimama ni kikombe, na kikipinduliwa ni kikombe. Kuku akielekea kulia ni kuku, na akielekea kushoto ni yule yule. Elimu hiyo ni ya lazima. Asingekuwa nayo angepotea kila siku nyumbani mwao. Kisha anafika miaka 5 au 6, anapewa kalamu, na ghafla kanuni inageuka. Duara lenye kijiti likitazama huku ni b. Likigeuzwa kama katika kioo ni d. Likipinduliwa juu chini ni p. Likizungushwa nusu mzunguko ni q. Umbo ni moja, herufi ni nne. Tarakimu 6 ikizungushwa nusu mzunguko huwa 9. Nukta ya ba ikihamia juu, ba si ba tena.

Mtoto wetu wa pwani ana mzigo wa ziada. Asubuhi shuleni husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na Alasiri chuoni husoma kutoka kulia kwenda kushoto. Asubuhi hiyo hiyo 7 yake ina kichwa bapa na mguu wa mshazari. Alasiri saba yake ni pembe iliyofunguka juu. Wataalamu wa usomaji wanakubaliana kwamba kuandika herufi kinyumenyume, kama zionekanavyo katika kioo, ni jambo la kawaida kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na wengi hulivuka kwa mazoezi. Likiendelea baada ya miaka 8 au zaidi, na likiambatana na ugumu mwingine wa kusoma, hapo ni vyema mzazi akazungumze na mwalimu na mtaalamu. Lakini hakuna umri ambao dawa yake ni kicheko wala bakora.

Maswali mawili

Sasa tuliangalie somo lenyewe. Mageuzo yanayofaa kuanza nayo ni manne. La kwanza ni kusogeza: umbo linahama kutoka mahali hadi mahali bila kugeuka. La pili ni kuakisi: umbo linapinduliwa upande wa pili wa mstari, kama katika kioo. La tatu ni kuzungusha: umbo linazunguka nukta moja isiyohama, iitwayo kitovu cha mzunguko. La nne ni kukuza au kupunguza: umbo linakuwa kubwa au dogo, lakini sura haiharibiki.

Mwalimu jirani yetu hufundisha yote hayo kwa maswali mawili tu: kipi kimebadilika? Kipi kimebaki? Ukisogeza, mahali pamebadilika. Urefu, pembe na mwelekeo vimebaki. Ukizungusha, mwelekeo umebadilika. Urefu na pembe vimebaki. Ukiakisi, kulia kumekuwa kushoto. Urefu na pembe bado vimebaki. Ukikuza, urefu umebadilika, pembe hazikubadilika.

Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini ndiyo moyo wa jiometri. Mwaka 1872, kijana wa miaka 23, Felix Klein, alipoingia uprofesa katika Chuo Kikuu cha Erlangen nchini Ujerumani, alipendekeza kwamba jiometri ya kila namna itazamwe kuwa ni uchunguzi wa yale yanayobaki bila kubadilika umbo linapogeuzwa. Hivyo mtoto wa miaka 7 anayeulizwa "kipi kimebaki?" anaulizwa swali la wanazuoni, kwa kipimo cha umri wake.

Katika mfumo wa 8-4-4, kuakisi na kuzungusha vilifundishwa rasmi katika Kidato cha Pili. Mtoto alikutana navyo akiwa na miaka 15 au 16, navyo vilikuja na karatasi ya miraba, herufi A, B, C na alama zake. Wengi walikariri wakafaulu, wengi walikariri wakasahau. Katika mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake nchini kote ulianza 2019, watoto wa madarasa ya chini huanza mapema kuchora maumbo na kuunda ruwaza. Hapo ndipo mlango ulipo. Mwalimu na mzazi wanaweza kuutumia mlango huo kumjengea mtoto msingi, miaka mingi kabla ya kuulizwa katika mtihani.

Yaliyomo nyumbani

Tulipokuwa tukizungumza, mwalimu yule alitutoa nje akatuonesha kwamba vifaa vya somo hili tumevizungukwa. Tungependa kila mzazi avitazame upya.

Anza na mlango. Mlango wa nakshi wa Lamu au wa Mji wa Kale hapa Mombasa una mbao mbili, na katikati umesimama mfaa. Nakshi ya ubao wa kulia na ya ubao wa kushoto hutazamana. Mfaa ndio mstari wa kuakisi. Mwambie mtoto aweke kidole juu ya ua la upande mmoja, kisha atafute mwenziwe upande wa pili. Halafu ampime: ua hili liko shubiri ngapi kutoka katika mfaa? Na mwenziwe? Akiona kwamba umbali ni sawa, amekwisha kuipata kanuni kuu ya kuakisi, wala hujamtajia kanuni.

Twende katika leso. Mtandikie leso moja mkekani. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina. Mkunje kwa nusu, upande wa kulia ukutane na wa kushoto. Katika leso nyingi pindo litalala juu ya pindo na ua juu ya ua. Jina tu ndilo linalokataa: herufi ya kwanza imelala juu ya herufi ya mwisho. Kisha igeuze leso uishike dhidi ya mwanga, ulitazame jina kwa nyuma. Maua bado ni maua, lakini jina halisomeki, limeandikika kinyume. Hapa mtoto anajionea mwenyewe jambo lile lililomsumbua mwanafunzi wetu: nakshi hustahimili kugeuzwa, maandishi hayastahimili.

Jikoni nako kuna darasa, hasa Ramadhani inapokaribia. Chukua ukanda wa manda ya sambusa. Kila mara unapokunja pembetatu juu ya ukanda, umeakisi. Mstari wa mkunjo ndio kioo. Kunja mara moja, uliza: ncha iliyokuwa chini sasa iko wapi? Kunja tena, uliza tena. Watoto wanaokunja sambusa hujibu haraka kuliko sisi tunaozila.

Kwa kusogeza, tazama zidaka katika ukuta wa nyumba ya kale: kidaka kimoja kimerudiwa kwa safu, na umbali kati ya kimoja na kingine haubadiliki. Au simama nyuma ya msikiti uangalie safu za miswala: kila mswala ni ule wa jirani yake uliosogezwa kulia. Hakuna uliopinduliwa, hakuna uliozungushwa. Mtoto akiulizwa ni hatua ngapi kutoka mswala hadi mswala, tayari anapima usogezaji.

Kwa kuzungusha, tuna neema ambayo watu wa miji mingi hawana. Mombasa na Makka tukufu ziko karibu katika longitudo moja, kiasi cha nyuzi 39.7 na 39.8 mashariki. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, na ndiyo maana wazee wetu walilitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini, kama walivyolitumia neno suheli kwa maana ya kusini. Mtoto wa Mombasa anayejua kuelekea kibla anajua pande zote nne. Mpeleke uani, wakati usio wa swala, aelekee kibla. Robo mzunguko kwa kulia: anatazama mashariki, iliko bahari kuu. Robo nyingine: suheli. Robo ya tatu: magharibi, iliko bara. Robo ya nne: amerudi kibla. Kisha muulize: robo tatu za kulia ni sawa na robo ngapi za kushoto? Atajaribu kwa miguu yake, na atagundua ni moja.

Hapo mtoto amejizungusha palepale alipo. Lakini kuna mzunguko wa namna nyingine ambao huwatatiza hata wakubwa, pale kitovu kinapokuwa nje ya umbo. Kwa hilo, mwambie atembee kuzunguka nguzo, bega lake la kushoto likiielekea daima, kama mahujaji wanavyotufu na Al-Kaaba ikiwa kushoto kwao. Akifika nusu ya njia, msimamishe. Nguzo iko umbali ule ule, lakini yeye sasa ameelekea kinyume na alivyoanza. Umbali kutoka katika kitovu umebaki, mwelekeo umebadilika. Mwili umekwisha kufahamu, na karatasi itafuata.

Kofia yetu ya kushona kwa mkono ina masomo mawili kwa pamoja. Ubavu wake ni ukanda ambao nakshi yake imesogezwa na kurudiwa hadi ikakutana na mwanzo wake. Kile kiduara cha juu ni nakshi iliyozungushwa kwenye kitovu. Mpe mtoto kofia ya babu yake, mwambie azungushe kiduara polepole, ahesabu ni mara ngapi nakshi inajirudia kabla ya kukamilisha mzunguko. Ikijirudia mara 8, kila hatua ni nyuzi 45, kwa kuwa mzunguko mzima una nyuzi 360.

Na kwa kukuza, rudi jikoni. Mwulize mtoto: nikipika chapati yenye upana mara mbili ya hii, kwa unene huu huu, nitataka madonge mangapi ya unga? Takriban kila mtoto atasema mawili. Mwache ajaribu kwa miraba ya karatasi: mraba wenye ubavu mara mbili hujazwa na miraba midogo 4, si 2. Chapati nayo itataka madonge manne. Kosa hili ni la watu wazima pia, na limewatia hasara wengi waliokadiria vigae, rangi au mikeka ya msikiti.

Mikono kwanza, majina baadaye

Mzazi anaweza kuuliza: kwa nini tusimpe tu mtoto kanuni, akazihifadhi? Sisi tuliolelewa kwa kuhifadhi tunaithamini hifadhi, na hatutaidharau. Lakini kila elimu ina mlango wake. Mwaka 1957, mume na mke waliokuwa walimu nchini Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliandika tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht kuhusu sababu ya wanafunzi kushindwa jiometri. Waliona kwamba fahamu ya maumbo hupanda kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza mtoto huliona umbo zima tu: hili ni mraba kwa sababu linafanana na mraba. Katika ngazi ya pili huziona sifa zake: pande nne sawa, pembe nne za mraba. Baadaye ndipo huunganisha sifa na sababu, na hatimaye uthibitisho. Mwalimu anayezungumza kutoka ngazi ya tatu na mtoto aliye ya kwanza ni kama watu wawili wa lugha mbili: wote wanasema, hakuna anayesikilizana na mwenziwe. Na ngazi hizo, kwa mujibu wa wanazuoni hao, hazipandwi kwa umri peke yake. Hupandwa kwa kufundishwa vyema.

Kwa hiyo utaratibu ambao mwalimu jirani yetu anaufuata ni huu. Kwanza mikono: mtoto akunje, ageuze, asukume, azungushe kitu halisi. Kisha maneno: aeleze kwa lugha yake alichofanya, hata akisema "nimeupindua" badala ya "nimeuakisi". Kisha karatasi: achore kwenye miraba, ahesabu miraba 4 kulia na 2 juu. Istilahi huja mwisho, na zikija zinamkuta mtoto ameshakuwa na kitu cha kuviita kwa majina hayo.

Vifaa havihitaji fedha. Kunja karatasi, ichome kwa sindano mara tatu, ikunjue. Utaona matundu sita, matatu kila upande wa mkunjo. Unganisha kila tundu na mwenziwe kwa mstari, nawe utaona mistari yote inaukata mkunjo kwa pembe ya mraba, na mkunjo unaigawa kati kwa kati. Kata herufi b katika kipande cha kadi, mpe mtoto aitafute d, p na q kwa kuigeuza. Weka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro, ishikilie kwa ncha ya kalamu kwenye kitovu, izungushe. Kioo kidogo cha mezani kikisimamishwa juu ya mstari kinamwonesha mtoto jibu kabla hajachora. Hapa kwetu fikra hii si ngeni. Programu ya Madrasa ya shule za chekechea, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980, ilijengwa juu ya msingi wa vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto mwenyewe.

Kuna makosa ambayo mwalimu ayatarajie, asiyashangae. Mtoto akiambiwa aakisi, mara nyingi husogeza: hulichora umbo lile lile upande wa pili bila kulipindua. Mpe kioo. Mstari wa kuakisi ukiwa wa mshazari, yeye hulipindua umbo kulia na kushoto kama vile mstari umesimama wima. Mwambie aizungushe karatasi mpaka mstari usimame, kisha achore. Akiambiwa akuze mara mbili mstatili wa 2 kwa 3, huongeza 2 kila upande akapata 4 kwa 5, badala ya kuzidisha na kupata 4 kwa 6. Mwambie alinganishe sura: je, huyu bado ni mtoto wa yule? Kila kosa hapa lina akili ndani yake, na kazi ya mwalimu ni kuitafuta akili hiyo kabla ya kuifuta.

Mafundi na wanazuoni

Elimu hii si mgeni katika umma wetu. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa 940 na kufariki 998, alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Baghdad. Pamoja na vitabu vyake vya falaki, aliandika kitabu kuhusu maumbo ambayo mafundi huyahitaji katika kazi zao. Humo anazungumzia tatizo la kukata miraba mitatu iliyo sawa na kuiunga iwe mraba mmoja, na anaonesha mahali njia za baadhi ya mafundi zilipokosea, na njia iliyo sahihi. Lililotuvutia ni kwamba mwanachuoni mkubwa namna ile aliichukulia kazi ya fundi kuwa ni jambo la kuandikiwa kitabu, na makosa yake kuwa ni jambo la kuelezwa.

Tatizo jepesi zaidi la namna hiyo mtoto wa miaka 9 analiweza. Mpe miraba miwili ya karatasi iliyo sawa. Kila mmoja aukate kwa mshazari, apate pembetatu nne. Sasa azisogeze na kuzizungusha mpaka ziwe mraba mmoja mkubwa. Akiweza, muulize: karatasi imeongezeka? Imepungua? Atakwambia haikuongezeka wala haikupungua. Kipi kimebadilika, kipi kimebaki: maswali yale yale.

Karne kadhaa baada ya al-Buzjani, mafundi wa Al-Hamra huko Granada walizifunika kuta kwa vigae vya nakshi zinazojirudia pande zote. Mwaka 1891 mwanasayansi wa Urusi, Evgraf Fedorov, alithibitisha kwamba namna za nakshi kama hizo, zikipangwa kwa mageuzo yake, ni 17 tu. Mafundi hawakuwa na uthibitisho huo. Walikuwa na mikono na macho. Karibu nasi zaidi, Paulus Gerdes alitumia miaka mingi nchini Msumbiji kuchunguza ruwaza za wasusi, ikiwemo mikoba ya sipatsi ya Inhambane, akaonesha hisabati iliyomo katika kazi za watu ambao hakuna aliyewaita wanahisabati. Bibi anayesuka ukili wa mkeka hapa kwetu, akiuhesabu ukindu juu mbili chini mbili, ni wa ukoo huo.

Hatulisemi hili kwa ajili ya kujigamba na ya kale. Mababu zetu kuchonga milango hakutamwandikia mjukuu mtihani. Tunalisema ili mtoto asidhani kwamba hisabati ni mali ya watu wengine ambayo yeye ameazimwa. Akijua kwamba bibi yake huitumia, ataiendea kama mtu anayekwenda kwao.

Jibu letu

Wiki ilipotimia, kijana yule alirudi na binti yake. Safari hii tulikuwa tumekata katika kadi pembe moja tu, yenye umbo la saba. Tulimpa mtoto, tukamwomba atufanyie nane. Aliizungusha nusu mzunguko, akatuonesha. Tukamuuliza kama kuna njia nyingine. Alifikiri, akairudisha kuwa saba, kisha akaipindua juu chini kama mtu anayefungua ukurasa. Nane tena. Tukamuuliza kwa nini njia mbili zimefika mahali pamoja. Hapo alikaa kimya muda mrefu, nasi, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ya kufundisha, hatukumharakisha.

"Kwa sababu huku na huku ni sawa," alisema mwishowe, akigusa mkono mmoja wa ile pembe, kisha wa pili.

Alikuwa amesema kwamba umbo la saba lina mstari wa ulinganifu katikati yake, na ndiyo sababu kulizungusha nusu mzunguko na kulipindua huleta matokeo mamoja. Mtoto huyo huyo alikuwa ameletwa kwetu kama mwenye kasoro. Kisha tulimpa 6 ya kadi, akajaribu njia zote mbili, akatuambia kwamba hii hugeuka 9 kwa njia moja tu. Tulimwonesha sasa kwamba katika mas-haf saba hufungua mikono juu, nane huifungua chini, na kwamba hapa mwelekeo ndio unaoamua. Tangu siku hiyo amekosea mara mbili tatu, na kila mara amejisahihisha mwenyewe kwa kuiinua mikono yake hewani.

Baba yake alikuwa ameketi pale pale ukingoni mwa baraza, akiitazama ile kadi. Hakusema lolote kuhusu ukurasa wa 77, wala sisi hatukuwa na la kuongeza juu ya radhi tuliyokwisha kuiomba. Alipoinuka kuondoka aliomba ile kadi, akaitia mfukoni.

Chuoni kwetu tumebadili mambo mawili. Watoto wa madarasa ya mwanzo sasa huketi upande mmoja na mwalimu, wakiutazama ubao kama anavyoutazama yeye. Na mtoto akikosea, mwalimu huuliza kwanza: "Wewe umeona nini?" Tunawaomba walimu wenzetu wa vyuo na wa shule walijaribu hilo muhula huu, nao wazazi wakunje leso moja na mtoto mmoja kabla ya Ijumaa ijayo. Mwenyezi Mungu atuongoze katika kuwalea, na atusamehe kwa wale tuliowacheka kabla hatujajua.

Wabillahi tawfiq.